Imelda Anakuja Jumamosi

Jumanne, 3 Juni

Baridi! Nani aliniambia Kongo ni joto? Nimevaa mashati mawili na bado vidole vinagoma kushika kalamu.

Ujumbe wa Imelda umeingia saa tatu asubuhi. Likizo yake imekubaliwa. Atapanda basi Tunduma, atavuka Zambia, atafika Lubumbashi Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Atakaa wiki mbili. Akiona panakalika, ataacha uuguzi pale Songea ahamie huku. Akiona hapakaliki, narudi naye. Ndivyo tulivyokubaliana mwezi wa tatu, kampuni iliponileta hapa kuratibu malori ya shaba yanayotoka mgodi wa Kinsevere kwenda Dar es Salaam. Leo ameongeza neno: anachotaka kuona ni watu. Akinikuta naishi peke yangu kama mlinzi wa ghala, tunafunga mizigo siku hiyohiyo.

Hapo ndipo penye tatizo. Miezi mitatu nimekuwa nikimwandikia mke wangu kwamba nyumba yetu haikosi wageni. Kwamba Jumapili wanajaa mpaka viti havitoshi. Kwamba Ruphin, mwenzangu wa meza ya pili, ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja.

Ukweli: viti ninavyo viwili na kimoja hakijawahi kukaliwa. Ruphin hajanisemesha tangu katikati ya Aprili.

Nina siku kumi na moja. Mtu mwenye akili timamu anaweza kupata marafiki kwa siku kumi na moja.

Jumatano, 4 Juni

Niandike hapa yaliyotokea Aprili, maana kwa Imelda siwezi. Ofisini tuko watu kumi na tano. Kila asubuhi kila anayeingia anazunguka meza zote, anampa kila mtu mkono, anamuuliza ameamkaje, watoto wameamkaje, mguu wa mama umepona? Ruphin ndiye bingwa. Nilimpima kwa saa: dakika ishirini na mbili. Mimi nimezoea kusimama mlangoni, "Hamjambo wote," kazi inaanza. Basi nikamwandikia Madame Estelle, mkuu wetu, barua yenye jedwali la muda unaopotea. Nikapendekeza salamu moja ya pamoja saa mbili kamili. Nilidhani nitapandishwa cheo.

Madame Estelle aliisoma mbele ya wote, taratibu, na jedwali lote. Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo wananiletea karatasi za malori, wanaziweka mezani, wanaondoka. Mkono hakuna.

Leo nimeanza mkakati. Nimekuja na chupa kubwa ya chai ya tangawizi na vikombe kumi na vitano. Nimeiweka katikati ya ofisi, nikatangaza kwamba ni ya wote, nikarudi mezani kwangu kusubiri urafiki. Saa nne, kimya. Saa sita Ruphin ameniuliza, kwa heshima zote, kupitia kwa mtu mwingine, kama chupa inaweza kuondolewa njiani. Nimeinywa mwenyewe ili isimwagwe. Nimekwenda chooni mara saba.

Ijumaa, 6 Juni

Mpango wa leo hauna kasoro. Nimebandika tangazo ubaoni: chakula cha mchana, Jumapili, nyumbani kwa Longinus Ngonyani, Ruashi. Pilau. Wote mnakaribishwa. Kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na ramani niliyoichora kwa rangi mbili. Germaine wa mapokezi amelisoma mara mbili. Dalili njema.

Ruphin hakuwepo, baba yake amelazwa. Nilifurahi kidogo kwamba hayupo, halafu nikajisikia vibaya, halafu nikasahau maana kulikuwa na lori limekwama.

Jumapili, 8 Juni

Nimeamka mapema nikapika pilau ya watu ishirini. Nimeazima sahani. Nimemwaga maji uani ili vumbi jekundu litulie. Saa saba hakuna mtu. Saa nane hakuna mtu. Saa tisa mlango umegongwa, nikakimbia kufungua!

Alikuwa mama Hortense, mwenye nyumba yangu. Ni mama wa Kikasai, mjane, anauza vitenge sokoni na anaishi kwenye nyumba kubwa ndani ya uwanja huuhuu, ambao wenyewe wanauita lupango. Ameuliza kuna sherehe gani. Nikasema wageni wamechelewa kidogo. Ameziangalia sahani ishirini, akaniangalia mimi, akaketi bila kuambiwa. Nikamweleza kuhusu tangazo. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyomsikiliza mteja anayebisha.

"Monsieur Longinus," akasema, "karatasi haiitake bantu. Muntu, unamufuata kwake, unamupatia mukono, unamwambia: kuya."

Akaongeza kwamba hata yeye, tangu nihamie, sijawahi kuingia kwake na kukaa. Nikamshukuru sana. Moyoni nikasema huyu mama ni wa zamani. Dunia ya leo inakwenda kwa matangazo.

Ameondoka na sufuria moja ya pilau kwa ajili ya kwaya yake. Jioni kwaya imetuma salamu kwamba chumvi haikutosha.

Jumatatu, 9 Juni

Baba yake Ruphin amefariki usiku wa kuamkia leo. Germaine ametuambia huku analia. Mzee Mulenga, mstaafu wa reli, miaka themanini na moja. Ofisi nzima imesimamisha kazi. Mimi pia nimehuzunika, kweli kabisa. Baba yangu alizikwa Peramiho nikiwa njiani na msafara wa malori. Nilifika siku tatu baadaye, udongo umeshakauka. Sipendi kuyakumbuka hayo.

Lakini kichwa changu hakijui kupumzika. Nimemuuliza Germaine marehemu alikuwa kabila gani. Akasema Mubemba, mzaliwa wa Mokambo, mpakani. Mke wake alikuwa Mluba wa kaskazini, na watoto wamekulia hapahapa mjini.

Mubemba! Na mimi ni Mngoni! Babu yangu alisema tangu utoto wetu: Wangoni walipigana na Wabemba mpaka wakachoka, wakapatana, wakawa watani. Na mtani msibani ana haki zake. Anamwigiza marehemu. Anadai kula kabla ya wote. Anawachekesha waliofiwa mpaka machozi yapungue. Kwetu msiba usio na mtani haujakamilika.

Maana yake ni hii: katika msiba ule, mimi si mgeni. Nina haki kuliko ofisi nzima. Nalala kwa furaha, Mungu anisamehe.

Jumatano, 11 Juni

Nataka kufa.

Niandike kwa utaratibu. Saa tisa mchana nimekwenda kwenye kilio, ndivyo wanavyouita msiba. Ni mitaa mitatu kutoka kwangu. Turubai limefungwa uani, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake ndani kwenye mikeka au jikoni wanasonga bukari, ugali wa huku, kwaya ya parokia inaimba taratibu. Kwenye meza ndogo kuna picha ya mzee, mshumaa, na kofia yake ya reli.

Ruphin alisimama. Alinijia mwenyewe, macho mekundu, akanipa mkono. Mara ya kwanza tangu Aprili! Akaniuliza nimeamkaje. Akanitafutia kiti karibu na wajomba. Ningekaa pale na kunyamaza, leo ningekuwa na rafiki.

Sikunyamaza. Nilisubiri wimbo uishe. Nikainuka, nikachukua kofia mezani, nikaivaa. Nikatembea nimepinda mgongo, kwa mwendo wa kizee, nikaketi kwenye kiti cha mbele na kupaza sauti: nani anasema nimekufa? Mbona mnalia na bukari haijaiva? Nileteeni sahani yangu kabla hamjanizika na njaa!

Nikasubiri kicheko.

Hakuna. Mtoto mmoja alianza kulia. Mama Hortense alijifunika uso kwa kitenge. Madame Estelle alikuwa pale, sikuwa nimemwona. Ruphin alikuja mpaka mbele yangu. Laiti angenipiga. Alisema polepole:

"Ile kofia ni ya papa. Uirudishe."

Nikaanza kumweleza kuhusu babu, vita, Wangoni, utani. Nilipofika kwenye vita, wanakwaya wawili walinishika mikono, kistaarabu kabisa, wakanisindikiza mpaka barabarani. Mmoja alikuwa sauti ya nne. Aliniombea hapohapo kwa sauti nzito.

Alhamisi, 12 Juni

Madame Estelle amepiga simu asubuhi. Amesema nipumzike leo. Hakusema kesho.

Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza, nimpeleke Imelda hotelini na kusema nyumba inapakwa rangi. Ya pili, nimngoje mpakani Kasumbalesa, nimwambie nimemkumbuka sana mpaka nimeamua turudi wote Songea. Ya tatu, niende mazishini nikaombe radhi. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Nimeichagua kwa sababu ya kwanza inahitaji mke asiye na pua na ya pili ingenifanya niache kazi.

Nimevaa suti ya harusi. Makaburini nimesimama nyuma kabisa, kwenye vichaka, mbali na kila mtu. Padri amemaliza. Jeneza limeteremshwa. Vijana wameshika makoleo.

Ndipo gari dogo la mizigo likafika mbio na kushusha bibi mmoja mfupi, mnene, amejifunga vitenge viwili. Ni Musonda, dada yake marehemu, anatoka Mokambo, gari lilimharibikia njiani. Amelia juu ya kaburi kwa muda mrefu. Kila mtu akainamisha kichwa. Halafu wanawake wakamnong'oneza kitu sikioni, na wote wakageuka kuangalia vichaka vyangu.

Alinijia mwenyewe. Nilitafuta pa kukimbilia, kulikuwa na miiba.

"Njo weye Mungoni?" akaniuliza.

Nikakubali. Akainama, akachota udongo, akanipaka usoni, mashavu yote mawili, mbele ya parokia nzima.

"Kaka yangu analala chini, na Mungoni anakuya kuomba bukari mbele ya kutumika kazi!" akawaambia watu. "Bangoni beko bavivu toka zamani. Kamata ile koleo. Umufukie mukubwa wako."

Kisha akamgeukia Ruphin na kumweleza, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba huyu bwana ni mjinga lakini hakukosea. Kwamba Mokambo wanafanya hivyo mpaka leo. Kwamba mzee Mulenga mwenyewe, enzi za ujana, kila Mngoni alipokufa alikuwa wa kwanza kufika, anaigiza marehemu, anarudi nyumbani na kuku. Hakuwahi kuwaambia watoto kwa sababu mama yao hakupenda mizaha. Ruphin aligeuka upande. Mabega yakamtikisika. Sikujua kama analia au anacheka, nadhani vyote viwili.

Nikafukia. Kwa suti ya harusi. Kila nikisimama kupumua, shangazi Musonda alinitukana ukoo mzima, na watu wakaanza kucheka, kwanza wanawake, halafu hata padri. Mimi nilikuwa nalia. Hilo halikuwa kwenye mpango wowote. Nilikuwa nafukia mzee nisiyemjua na kwa kila koleo nilikuwa namwona baba yangu. Katikati ya kazi mtu akaja upande wa pili na koleo lake. Alikuwa Ruphin. Tulimaliza pamoja.

Ijumaa, 13 Juni

Saa moja asubuhi mlango umegongwa. Shangazi Musonda, na mabegi mawili! Ametangaza kwamba mtani haombwi ruhusa. Ameingia, amefungua kabati, amechukua blanketi langu jipya na koti la suti, amelifuta udongo na kulivaa. Amekula mayai yote. Ameuliza kwa nini nyumba ya mwanaume mzima ina kitunguu kimoja.

Imelda anafika kesho! Siwezi kumpokea mke kwenye nyumba yenye bibi wa watu amevaa koti la harusi yetu. Nimetumia akili. Nimemwambia shangazi kwamba kuna lori letu linapita Mokambo alfajiri, kiti cha mbele kiko wazi, kina godoro. Amenishukuru. Amesema kilio hakijaisha, ataondoka kikiisha. Halafu akataka kujua kwa nini nasugua dirisha kwa nguvu hivyo. Nikamwambia mke wangu anakuja kesho. Akaniuliza nani atampikia. Nikasema mimi. Amecheka mpaka akakaa chini.

Ofisini nilirudi mchana. Germaine amenipa mkono. Ametazama vidole vyangu vyenye malengelenge na kusema pole. Nimefurahi, lakini sina muda wa furaha, nina bibi wa kuhamisha.

Jumamosi, 14 Juni

Basi limefika saa nne. Imelda ameshuka amechoka, mzuri, na sweta. Yeye aliuliza mapema kuhusu baridi. Nilimkumbatia nikataka kukaa hivyo mpaka Jumatatu.

Nilimwambia dereva wa teksi atuzungushe mji kidogo, mgeni aone. Tumeona kanisa kuu. Tumeona posta. Tumeona posta tena. Nilikuwa nangoja shangazi aende misa. Mara ya tatu posta, Imelda ameniuliza ninaficha nini nyumbani. Nikasema mshangao.

Shangazi alikuwa mlangoni, ndani ya koti langu, mkono kiunoni, harufu ya sombe, kisamvu cha huku, na samaki inatoka mpaka barabarani. Alimkumbatia Imelda, akamwita bibi harusi, akamkalisha kwenye kile kiti cha pili. Na kabla sijatua mizigo amemsimulia yote! Barua na jedwali. Chai. Sahani ishirini. Kofia. Vichaka. Habari nyingine alizipata kwa mama Hortense, nyingine kwa Germaine, nyingine sijui kwa nani, maana mara saba za chooni sikumwambia mtu. Imelda alisikiliza bila kunitazama. Nilisimama na begi kichwani, sikukumbuka kulishusha.

Saa kumi wakaanza kuingia. Ruphin, na kitambaa cheusi begani. Germaine. Mama Hortense na viti vyake. Madame Estelle na soda. Wanakwaya, na yule wa sauti ya nne. Shangazi alikuwa amepeleka neno kwenye kilio kwamba mke wa Mungoni amefika na watu waje kumpa mkono kabla ya sala ya jioni. Walikuwa kama thelathini. Imelda aliinuka. Alimwendea kila mmoja, akampa mkono, akamuuliza jina, kwao wapi, wazazi wangali hai? Kwa Ruphin alikaa muda mrefu, amemshika mikono yote miwili, wanazungumza kuhusu mzee. Ilichukua saa nzima. Sikupima. Nilipita na sahani na nilikuwa na furaha ya kijinga kifuani, sikuona hata aibu.

Walipoondoka, shangazi alikwenda nao kusali. Tukabaki wawili. Nikajiandaa kutetea barua zangu, moja baada ya nyingine. Imelda hakuuliza kuhusu barua.

"Ungeniambia tu kwamba uko mpweke," akasema. "Ningekuja mwezi wa nne."

Nikasema chai inapoa. Akanishika mkono wenye malengelenge, tukakaa hivyo, na nikamwambia kwamba ndiyo, nilikuwa mpweke sana.

Jumatatu, 16 Juni

Anabaki! Ameamua jana baada ya misa. Germaine anawafahamu masista wenye zahanati hapa Ruashi, na wanatafuta muuguzi. Atarudi Songea kuaga kazi, kisha atahamia moja kwa moja. Ametoa sharti moja tu: uongo umekwisha. Hata mdogo. Hata wa nia njema. Nimeapa mbele yake na mbele ya shangazi, mkono juu. Nimeapa kwa moyo wote. Nimebadilika kabisa, nasikia mwili mwepesi.

Nimetafakari wiki nzima iliyopita na nimeona wazi kwamba mkakati wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Utekelezaji tu ulichelewa.

Mchana mama mkwe amepiga simu kutoka Songea. Imelda alikuwa nje anafua na shangazi, nikapokea mimi. Mama mkwe alikuwa analia. Mwanawe wa pekee anakwenda mbali, atakula nini huko, nani atamtunza? Ningefanyaje? Mama wa watu analia! Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kila asubuhi tunakunywa maziwa ya moto, tuna ng'ombe wetu.

Akanyamaza kulia papo hapo. Yeye amefuga maisha yake yote. Akauliza ng'ombe wa rangi gani. Nikasema mwekundu. Akauliza ana jina? Nikasema anaitwa Plamedie. Akauliza anatoa lita ngapi. Nikasema kumi, kumi na mbili akiwa na raha. Amefurahi mno. Amesema hawezi kukaa bila kumwona ng'ombe wa namna hiyo. Atakuja na Imelda, watafika tarehe kumi Julai, atakaa siku tatu.

Huu si uongo. Ni ng'ombe aliyechelewa tu. Nina siku ishirini na nne. Nasikia mjomba wa Germaine anafuga kule njia ya Kinsevere. Kesho nitamwomba aniazime mmoja mwekundu kwa siku tatu. Imelda hana haja ya kujua.